Mteja anataka faili zote kabla hajamalizia hela, nifanyeje?

Wakuu, kuna jamaa nimemdizainia logo na lebo za sabuni, advansi alitoa ila sasa anataka faili orijino ndo amalizie, mkataba hatuna tulielewana WhatsApp tu.

— Usitume mkuu! Mpe JPEG ndogo yenye jina lako katikati, hela ikiingia ndo unaachia faili orijino za Illustrator (programu ya kudizainia). Na chati usifute, sheria ya mikataba Tanzania inatambua hata makubaliano ya mdomo.

— Next time chukua nusu kabla hujaanza, andika marekebisho mwisho mara mbili, zaidi ya hapo analipia. Kama mteja ni kampuni watakukata kodi ya zuio 5% (wanaikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, mamlaka ya kodi), dai cheti chake.

— Invoisi ulimpa lakini? Mtumie leo leo, weka na tarehe ya mwisho kulipa.