png() au ggsave(): nitumie ipi ndani ya fanksheni yangu ya kuhifadhi grafu katika R?

Mwanzisha mada: Ndugu wanajukwaa, nina ripoti inayosubiriwa Ijumaa. Fanksheni niliyoiandika kwa png(), inayofungua faili la picha, inamaliza bila kulalamika, lakini grafu sizipati, ingawa mistari ileile nikiiendesha kwenye konsoli (dirisha la kuandikia amri za R) inachora vizuri. Je, nihamie ggsave()?

Mkaguzi: Hukusema kama unachora kwa plot() ya kawaida au kwa ggplot2 (kifurushi cha grafu chenye ggsave()), wala hukuiweka fanksheni yenyewe. Tutabahatisha tu.

Kipimapembe: Hamia ggsave(). Hufungua na kufunga faili yenyewe, na ubora wake wa kawaida ni nukta 300 kwa inchi, ilhali png() bila maelekezo hukupa pikseli 480 kwa 480.

Mwanzisha mada: Ni ggplot2, ndani ya kitanzi cha for.

Mkaguzi: Basi andika print(p), p ikiwa ni grafu yako. Kwenye konsoli R hukuchorea yenyewe. Ndani ya fanksheni au kitanzi haichori mpaka uiamuru.

Mzee wa Skripti: Mimi nabaki na png(). Ofisini kwetu mwenzetu alitengeneza kwanza grafu za mvua za mikoa yote, akaziweka kwenye orodha, kisha akaandika fanksheni iliyopokea grafu na jina la faili, ila hakuipitisha grafu hiyo kwa ggsave(), ambayo usipoitajia huchukua iliyoundwa mwisho. Kila faili ikapata jina lake sahihi na mchoro uleule mmoja. Hakuna hitilafu iliyojitokeza, hadi msomaji alipouliza inakuwaje Tanga, yenye vuli na masika, ifanane mwezi hadi mwezi na Tabora yenye msimu mmoja.

Kipimapembe: Hilo ni kosa la mwandishi, si la ggsave(). Fanksheni ya png() ikikwama kabla ya dev.off(), amri ya kulifunga faili, faili hubaki wazi, na grafu unazozingoja kwenye skrini huishia humo.

Mzee wa Skripti: Ndiyo maana mara tu baada ya png() huandikwa on.exit(dev.off()), ili faili lifungwe fanksheni ikiisha, hata ikikwama.

Mwanzisha mada: Ahsanteni, print() imesaidia. Sasa kwenye png() nimeweka width = 2400 na height = 1600, yaani pikseli, na maandishi yamekuwa madogo mno.

Mkaguzi: Ongeza res = 300, yaani nukta kwa inchi. Na ukihamia ggsave() usiihamishe 2400 hiyo, kwani huko kipimo cha kawaida ni inchi, na ikizidi 50 itakataa.

Kipimapembe: Ripoti itachapishwa au itasomwa kwenye skrini? Kama ni ya kuchapishwa, mimi nisingetumia PNG kabisa, ningetoa PDF.

Mzee wa Skripti: PDF yenye nukta laki moja za mtawanyiko? Huhifadhi kila nukta, faili likawa zito. Jaribu kuifungua kwanza.