Kisutu cha bibi kimetoka bluu. Nifanyeje?

MjukuuWaPangani
Wakuu, habari zenu. Nina picha ya harusi ya bibi na babu, imepigwa studio Tanga mwaka 1958, saizi ya kadi ya posta. Nimeipitisha kwenye programu ya simu inayotia rangi. Babu katoka vizuri: kanzu nyeupe, koti la kijivu. Balaa ni bibi. Kisutu alichojitanda, ile kanga ya bibi harusi, kimekuwa bluu iliyopauka, na ngozi yake kahawia moja tu, kama amepakwa rangi ya ukuta. Nataka nimpelekee bibi sikukuu ya Idi, imechapishwa kubwa. Kuna programu nzuri zaidi?

FundiChumbaGiza
Mkuu, utazimaliza zote. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, nyekundu na bluu zinaweza kuangukia kijivu kilekile, kwa hiyo rangi yenyewe haimo ndani ya picha. Programu inakisia kutokana na picha ilizofunzwa, na sidhani kama visutu vilikuwemo vingi. Lakini wewe kisutu unakijua: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Basi paka mwenyewe.

Iskani upya, ihifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, nakala hiyo usiiguse tena. Fungua GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure. Ongeza safu juu ya picha, iweke kwenye hali ya kubadili rangi peke yake, kisha paka taratibu. Mikunjo na vivuli vitabaki vya picha. Ngozi usiipe rangi moja: midomo, viganja na paji la uso havifanani. Na vidole vikionekana vyeusi usivisafishe, huyo ni bibi harusi, ana hina!

DadaChumbageni
Jamani, bibi si yupo? Muulizeni kwanza.

MjukuuWaPangani
Dada, nimempigia sasa hivi. Kisutu ni hichohicho, hina ilikuwa hadi kwenye vifundo vya mikono. Ila koti la babu halikuwa la kijivu, lilikuwa kaki, tena la studio! Anasema mabwana harusi wa mtaa mzima walipigiwa picha na koti lile. Kisha akaniuliza kwani nyeusi na nyeupe ina ubaya gani. Nitamchapishia zote mbili, A3. Fundi, niskani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi)?

FundiChumbaGiza
600 inatosha A4 tu, tena kwa shida. Kwa A3 weka 1200. Na futa kioo cha skana kwanza, vumbi likikuzwa utashinda siku nzima ukilifuta.