Kikokotoo kinazama nyuma ya kivinjari kwenye bspwm, naomba msaada kabla ya Jumamosi

KondeleUsiku: Habari zenu wakuu. Natumia bspwm, programu ya Linux ya kupanga madirisha, kwenye kompyuta ya kazi hapa Kisumu. Nataka galculator, kikokotoo changu, ikae juu ya kila kitu. Nimeiandikia sheria kwenye bspwmrc (faili la mipangilio ya bspwm) lakini bado inafunguka ikigawana skrini na kivinjari. Nikibonyeza super+s (super ni kitufe cha Windows) inaelea, dakika moja baadaye siioni tena. Leo siku ya tatu, nimechoka.

Mkulima_wa_Njoro: Hamia i3, ndugu, nayo hupanga madirisha. Mod+s inapanga madirisha kwa rundo na vichwa vyote unaviona. Mimi ndiyo iliniokoa nikiandika tasnifu, na kompyuta ilikuwa ya mkono wa tatu, betri imekufa, stima ikipotea na mimi naanza upya. Miaka sita sijabadilisha.

MamaTupange: Huioni baada ya kufanya nini? Dirisha halizami lenyewe.

KondeleUsiku: Baada ya super+f, kivinjari kijae skrini. Nawajazia wateja fomu za serikali za eCitizen, na skrini ni ndogo. Basi niseme yote: kompyuta ni ya mjomba, na cyber ni yake. Ameenda matanga Siaya, anarudi Jumamosi. Niliweka bspwm bila kumwambia kwa sababu RAM ni GB 2, mashine ilikuwa inakwama watu wakiwa foleni. Msiniambie nirudishe ya zamani. Sasa inafunguka haraka, wateja wenyewe wameona.

MzeeWaMilimani: Kijana wangu, mpigie mjomba leo. Nikiwa darasa la saba nilifungua redio ya baba nimtengenezee sauti. Alirudi akaikuta kimya, hakunisemesha wiki nzima. Kilichomuuma si redio, ni kutoulizwa.

MamaTupange: Mzee amesema kweli, ila kikokotoo nacho kitibiwe. bspwm ina matabaka matatu: below (chini), normal (kawaida) na above (juu). Ndani ya kila tabaka, dirisha lililogawiwa nafasi liko chini, linaloelea liko juu yake, na lililojaa skrini liko juu kabisa. Kikokotoo na kivinjari chako vyote viko normal, kwa hiyo super+f lazima ifunike. Kuelea peke yake hakutoshi, ipandishe tabaka.

Dunga_Alfajiri: Mnisamehe, mimi siamini. Nimefanya kazi cyber mbili mjini, sijaona hata moja ya bspwm. Mjomba, matanga, Jumamosi, zote zimekuja baada ya kuulizwa. Hii imetungwa tubishane i3 na bspwm. Kama ni kweli, weka hapa majibu ya xprop (amri inayoonyesha majina ya dirisha) na sheria yako.

Mkulima_wa_Njoro: Mimi sikuja kubishana, nimemshauri tu.

KondeleUsiku: Imeniuma, kaka. Nilinyamazia ya mjomba kwa aibu, si kwa uongo. Hizi hapa:

WM_CLASS(STRING) = "galculator", "Galculator"
bspc rule -a galculator state=floating

MamaTupange: Asante Dunga kwa kuiomba, maana kosa liko hapo. Neno la kwanza la WM_CLASS ni instance (jina la dirisha lenyewe), la pili ndilo class (jina la aina ya programu), na sheria inaanza na class. Umeandika g ndogo, kwa hiyo sheria haijawahi kushika hata mara moja. Weka:

bspc rule -a Galculator state=floating layer=above

Kisha `bspc wm -r` kuwasha bspwm upya, ufunge kikokotoo na kukifungua upya. Sheria haigusi dirisha lililokwisha kufunguliwa. Hilo ulipandishe kwa mkono, ukiwa umelichagua: `bspc node -l above`.

Dunga_Alfajiri: Nimekukosea, ndugu. Uko mtaa wa Kondele upande gani? Nikipita nije nione.

KondeleUsiku: Imekubali! Nimejaza skrini mara nne na kikokotoo bado kiko pale kwenye kona. Dunga, karibu, ulizia cyber yenye mlango wa kijani. Mzee, nimempigia mjomba. Kaguna, halafu kauliza kama printa bado inafanya kazi. Inafanya.