Mrejesho: Nimerudi kwa Cromwell wa Hilary Mantel

Wakuu, niliuliza kama inafaa kurudia riwaya tatu za Mantel, mwandishi Mwingereza, kuhusu Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, nilizoziacha katikati ya kitabu cha kwanza, Wolf Hall (2009). Inafaa, tena sana!

Kinachokwamisha ni neno "he". Likitokea bila jina, karibu kila mara ni Cromwell, hata kama aliyetajwa mwisho ni Kadinali Wolsey. Ukilizoea hilo, mazungumzo yananyooka. Halafu akina Thomas ni wengi mno: Wolsey, More, Cranmer, Howard. Weka karatasi kwenye orodha ya wahusika mwanzoni mwa kitabu.

Kitabu cha pili, Bring Up the Bodies (2012), ni chepesi zaidi. Mwandishi anafafanua "he, Cromwell", na hadithi haifiki mwaka mzima: kuanzia Septemba 1535, kupitia Anne Boleyn, mke wa Henry, kukatwa kichwa Mei 1536. Ila msianzie hapo.