Dada wa laini yangu alilia nyuma ya maboksi saa tisa usiku, nimwambieje bosi?

Msimamizi_Dar
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri hasa kwa waliowahi kusimamia watu. Mimi ni supavaiza wa shifti ya usiku kwenye kiwanda cha kufunga bidhaa hapa Dar, nina watu 34, wengi ni wadada. Tunaingia saa moja jioni tunatoka saa moja asubuhi, usiku sita kwa wiki, mapumziko nusu saa, kazi yote ya kusimama kwenye sakafu ya zege.

Wiki iliyopita dada mmoja aliacha laini akaenda kukaa nyuma ya maboksi analia. Nikajua kafiwa. Kumbe wala, ananiambia tu kaka nimechoka, mchana silali, bati linawaka, mtoto analia, jioni ikifika naanza tena kujiandaa. Nikamwacha apumzike, asubuhi kwenye ripoti nikaandika mashine ilisimama. Ule uongo unanisumbua mpaka leo, maana mashine haikuwa na shida yoyote.

Bosi sio mtu mbaya, nilipomgusia kwamba watu wamechoka na utoro umezidi akasema tutaandaa bonanza na tisheti. Sasa nifanye nini ambacho hakihitaji hela nyingi, na huyu bosi nimwingieje?

NesiMama3
Pole kaka, na asante kwa kumwacha apumzike. Mimi ni nesi, kituo chetu kinapokea sana wafanyakazi wa viwandani. Jambo la kwanza nenda kaangalie wanakunywa maji kiasi gani. Wadada wengi wanaokuja kwetu na UTI kila mara ukiwadadisi wanakwambia sinywi maji kazini kwa sababu kwenda chooni mpaka niombe ruhusa na supavaiza ananuna. Kama kwako iko hivyo, ifute hiyo ruhusa leo leo, haina gharama hata shilingi.

Miguu nayo. Kusimama usiku kucha kwenye zege kunavimbisha mishipa na kuua kiuno, kwa hiyo tafuta vipande vya mpira mnene wavikanyagie, weka hata viti virefu viwili vitatu watu wakae kwa zamu, halafu wabadilishane vituo kila baada ya saa mbili ili yule anayeinama asiiname usiku mzima.

Na huyo dada usimwone mvivu wala dhaifu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi kuwa inatokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, halikuiita ugonjwa. Kwa hiyo ukimwambia tu akapumzike nyumbani halafu akarudi kwenye usiku sita uleule, utamkuta tena nyuma ya maboksi. Ila akikwambia haoni sababu ya kuishi, hapo usingoje, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

HR_Arusha
Ndugu yangu tatizo lako kubwa ni ratiba. Fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ovataimu haizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Sasa piga hesabu yenu, saa 12 mara siku sita ni 72, hata ukitoa saa nzima ya mapumziko kila usiku inabaki 66, yaani ovataimu ya 21 kwa wiki, wiki nne ni 84. Mmepita mbali sana. Halafu mapumziko ni dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, nyie mnatoa nusu. Na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mwenye ujauzito, miezi miwili kabla ya kujifungua haruhusiwi kupangiwa usiku. Mpelekee bosi hesabu hiyo kwa upole, mkiwa wawili tu, usimwaibishe kikaoni.

Mkongwe_wa_Laini
Mimi nilikuwa upande wa huyo dada, Mwanza, miaka saba ya shifti. Kilichoniokoa ni supavaiza aliyeniuliza jana umelala masaa mangapi. Wengine wote waliniuliza una tatizo gani na mimi sikuwa na jibu, ila la usingizi nililijua, saa mbili na nusu, nikasema, nikaanza kulia palepale. Akanitoa usiku mwezi mzima bila kuwaambia wenzangu sababu. Hilo la kutowaambia wenzangu sitalisahau.

Mwenye_Bekari
Nina bekari, vijana 11, nazungumza kama bosi. Sheria ataisikia ila atasema oda zitakwama. Kwa hiyo chukua daftari, andika wiki mbili kila boksi lililoharibika na saa lilipoharibika. Mimi nilipofanya hivyo kwangu niligundua mikate inayoungua karibu yote ni kuanzia saa kumi alfajiri. Nikaongeza kijana mmoja, nikakata shifti, hasara ya unga ikapungua nikaona mwenyewe.

Msimamizi_Dar
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Ruhusa ya choo nimeifuta, na kweli NesiMama3, wadada wawili wamenifuata kunishukuru mpaka nikaona aibu, sikujua kama walikuwa wananiogopa hivyo. Mpira nimepata vipande vya mkanda wa zamani wa mashine, vimetosha vituo tisa. Yule dada nilimuuliza swali la Mkongwe, akasema saa tatu kwa vipande vipande, nimeongea na mwenzangu wa mchana wamebadilishana na kijana mmoja aliyekuwa anataka usiku. Daftari nimeanza juzi. Ile ripoti ya mashine nimeenda kuirekebisha, bosi kaisoma, kanyamaza muda mrefu, kaniambia Jumatatu nije na hesabu ya saa.

HR_Arusha
Njoo inbox nikuchoree ratiba ya vikundi vitatu kabla ya hiyo Jumatatu.