Mjadala: Misingi ya dini kwenye simu, au lazima ukae mbele ya mwalimu?

Mama wa Mbuyuni, Moshi

Assalaam alaykum warahmatullah ndugu zangu. Na msio Waislamu mkipita hapa, karibuni, jambo lenyewe mtalielewa tu.

Wiki iliyopita kwenye darsa la kinamama hapa Moshi, mhadhiri alisema neno ambalo mpaka leo halijanishuka. Alisema anayesoma dini kwenye simu hana sheikh, na asiye na sheikh, sheikh wake ni shetani. Kinamama wakaitikia kwa takbira. Mimi niliinamisha kichwa nikaangalia mkeka, kwa sababu anayesemwa ni mimi.

Nimezaliwa Kibosho, nyumba ya Kikatoliki. Nilisilimu nikiwa na miaka 27, na si kwa sababu ya ndoa kama wengi wanavyodhani. Ndoa ilikuja baadaye. Siku ya kutamka shahada nilipewa mtandio, juzuu amma (sehemu ya mwisho ya Qurani) na hongera nyingi, nikarudi nyumbani. Kila nilipouliza nitajifunza wapi kusali, niliambiwa niende chuo cha Qurani. Nikaenda. Chuo kilikuwa cha watoto, saa kumi jioni, na saa kumi jioni mimi niko sokoni Mbuyuni napanga nyanya mafungu, ndipo biashara inapochanganya. Nilijitahidi wiki mbili. Nilikaa katikati ya watoto wa miaka sita, wao wakiimba alifu be te kwa sauti moja, mimi sijui hata kitabu kinafunguliwa upande gani. Sikulaumu mtu, ila sikurudi tena.

Aliyenipokea ni simu. Usiku watoto wakishalala, nikiwa na bando la usiku, nilisoma nguzo tano za Uislamu na nguzo sita za imani, namna ya kutawadha, vinavyotengua udhu, josho, mambo ya hedhi na sala. Haya ya mwisho nisingethubutu kumuuliza mwanamume uso kwa uso, na mwalimu wa kike sikuwa naye. Sasa shetani ameingilia wapi hapo? Katika Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, imo ile ya wanawake waliomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaume wamewazidi kwake, awapangie siku yao. Akawapangia, akawafundisha.

Lakini yule mhadhiri nisimdhulumu, maana kuna jambo lilinikuta.

Nilikuwa na mwaka wa tatu nasali. Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Ugweno, akanisikia jikoni namsomesha mwanangu Alhamdu, yaani Fatiha, sura ya kwanza ya Qurani. Akasema, “Mwanangu, hebu rudia hiyo iyyaka.” Nikarudia: iyaka na'abudu. “Sivyo, kaza hapo kwenye ya.” Nikarudia, nikaona nimekaza. Akaja akanishika kidevu kwa mkono wenye unga, akatamka polepole, iy-ya-ka, nami nikamfuata, tena na tena, mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Ulimi wetu wa Kiswahili hauna mazoea ya kukaza herufi, unateleza tu.

Anayejua anajua uzito wake. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi huku, Fatiha ni nguzo ya sala na shadda zake, yaani pale herufi inapokazwa, ni 14, zinahesabiwa moja moja. Safina, kitabu chetu kidogo cha hukumu za ibada, kimezitaja. Ukiilegeza ile ya iyyaka, maana yenyewe inahama. Badala ya “Wewe tu”, neno linakuwa la mwanga wa jua. Miaka mitatu, sala tano kwa siku! Na wale wasomaji wa kwenye video walikuwa wanakaza vizuri kabisa, nimerudi kuwasikiliza. Mimi nilikuwa nawasikia, wao hawakuwa wananisikia.

Mnaikumbuka hadithi ya yule bwana aliyeingia msikitini akasali harakaharaka? Mtume akamwambia, “Rudi ukasali, kwani hujasali.” Mara tatu, mpaka mwenyewe akaomba afundishwe. Mimi sikuwa na wa kuniambia rudi ukasali.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu: maelezo ya misingi mtu ayasome hata kwenye simu, hana dhambi. Kisomo na vitendo vya sala lazima awepo mtu hai wa kukusikia na kukuona, awe chumbani au kwenye simu. Nyie mnasemaje? Naomba kuwasilisha.

Ustadhi, Ngarenaro, Arusha

Wa alaykumus salaam, dada yangu. Pole kwa maneno uliyosikia. Hiyo ya sheikh kuwa shetani ni kauli ya watu, si aya wala hadithi, asikuvunje nayo mtu moyo.

Ila hofu ya masheikh ina asili. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, kitabu chake cha hadithi, amemnakili mwanachuoni wa zamani Ibn Sirin: elimu hii ni dini, basi tazameni mnaichukua kwa nani. Nina mwanafunzi, kijana wa bodaboda. Alianza kama wewe, udhu na sala, vizuri tu. Baada ya muda akaja kwangu na hukumu ya talaka aliyoiokota kwenye klipu ya dakika moja, na mke ameshaondoka na mtoto mgongoni. Nimekaa na familia mbili usiku kucha kuzima moto wa mtu wa klipu asiyewajua hata majina. Leo misingi, kesho talaka, na simu haina pa kumwambia mtu: wewe ishia hapa, lililobaki kaulize.

Wala sikatai vyombo vipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiarabu na Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatutolea tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Hao walijulikana wao na walimu wao, ukiona kosa unajua pa kwenda kubisha. Hawa wa klipu nikabishe kwa nani?

Mzee wa Bondeni

Sala msikitini, elimu kwa mwalimu. Sisi tulipigwa viboko, na ubao wa kuandikia Qurani tukaushika. Siku hizi mnataka dini mkiwa mmelala kitandani.

Mpagazi, Moshi

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, sisi wengine hatulali kitandani.

Napanda Mlima Kilimanjaro. Njia ya Machame ni siku sita au saba, nikishuka nakaa nyumbani siku mbili, napanda tena. Kuanzia Juni mpaka Oktoba darsa nalisikia kwa watu. Kwa hiyo kabla ya kupanda napakua masomo ya sauti, kule juu nasikiliza hemani. Kambi ya Barafu haina maji, tunayabeba wenyewe kutoka Karanga, ni ya kunywa na kupikia. Tayammamu, yaani kujitwaharisha kwa vumbi maji yasipopatikana, nimejifunza pale, kwa vumbi la kijivu la pale, sheikh akiongea kwenye sikio langu la kulia na upepo ukitaka kung'oa hema. Nisingekuwa na ile sauti, ama ningeacha sala au ningemaliza maji ya watu. Ustadhi, ulitaka nishuke kwanza nije kuuliza?

Mama wa Mbuyuni, Moshi

Ustadhi, shukran. La talaka nakubaliana nawe moja kwa moja, hilo si la klipu. Lakini yule kijana alianza kwenye simu, halafu alipokwama akaja kwako, kwa sababu wewe upo na anakufahamu. Mimi niliposilimu sikuwa na wa kumwendea. Kila msikiti unaomsilimisha mtu una kamati, una kitabu cha kuandika jina lake. Waandike na namba yake ya simu, na wampe mtu mmoja, mwanamke kwa mwanamke, amsikilize Fatiha yake mara moja kwa wiki, dakika kumi. Hilo halihitaji jengo wala harambee.

Mzee wangu, shikamoo. Ubao wenu nauheshimu, mama mkwe wangu ni wa ubao huohuo, na bila yeye ningekuwa bado naabudu kwa neno lisilo lake.

Kaka wa mlimani, Allah akulinde huko juu. Tayammamu yako nimeifurahia, lakini na wewe nakuuliza: shadda zako 14 nani amezisikia? Ukishuka, kabla hujafika nyumbani, mpitie mtu umsomee.

Mimi mama mkwe ameshajirudia kwake Ugweno. Kila Alhamisi baada ya Isha nampigia kwa video, naegemeza simu kwenye ndoo ya unga, namsomea. Juzi alinisimamisha kwenye waladh-dhaalliin, mwisho wa Fatiha. Tumerudia mpaka bando likaisha, na hajaniruhusu kusonga mbele.