Tupeane uzoefu: ulichoandika kwenye karatasi za kusajili kampuni kilikurudiaje?

Seremala wa Keko

Ndugu zangu, habari za kazi. Hatua za kusajili kampuni yenye dhima ya ukomo, yaani ile ambayo deni lake halimfuati mwenye hisa hadi nyumbani, zimekwisha kuelezwa mara nyingi na si siri tena: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha Taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) za wakurugenzi, jina, katiba ya kampuni, fomu, malipo, cheti. Leo naomba tupeane jambo jingine, nalo ni yale yaliyompata kila mmoja wetu kutokana na maneno na tarakimu alizozijaza humo, maana kwa upande wangu cheti kilikuja chenyewe, lakini nilichokijaza kilinirudia. Naanza mimi.

Mimi na binamu yangu tunatengeneza samani Keko tangu mwaka 2011. Kwa miaka minane tulijiendesha kwa jina la biashara tu, maana yake deni la karakana lilikuwa deni letu wenyewe, na aliyetudai mbao alikuwa na haki ya kutudai hadi nyumbani. Mwaka 2019 mteja mmoja akasema oda yake ya madawati hampi mtu asiye na kampuni, ndipo tukafungua akaunti kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, wa usajili kwa njia ya mtandao, uliokuwa umeanza mwaka mmoja tu nyuma.

Tuliandika mtaji wa shilingi milioni moja, hisa mia moja za shilingi elfu kumi kila moja. Kwa mtaji huo ada ya usajili ilikuwa 95,000, kuwasilisha nyaraka 66,000 na ushuru wa stempu 6,200, jumla 167,200, nami nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa juu ya rundo la mininga, kwa kumbukumbu namba ya malipo iliyotolewa na mfumo. Nilidhani kazi imekwisha. Siku chache baadaye maombi yakarudishwa yakiwa na maelezo ya mstari mmoja: mgawanyo wa hisa uliomo kwenye fomu haulingani na uliomo kwenye katiba.

Na kweli haukulingana. Katiba niliyoipeleka steshenari ichapwe ilisema hisa hamsini kwa hamsini, kama tulivyokubaliana mbele ya watu. Fomu niliijaza peke yangu saa tano usiku, nikaandika sitini zangu na arobaini zake, kwa kuwa mashine ya randa niliinunua kwa fedha yangu na jambo hilo lilikuwa limenikaa moyoni muda mrefu bila kulisema. Aliyekagua maombi hakujua kwamba anatuuliza swali ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelimaliza. Binamu yangu aliisoma ile fomu kwa utulivu hadi mwisho, akaikunja mara nne, akaondoka. Tulikwenda kukalishwa kwa baba mdogo Mtoni Jumapili mbili mfululizo, na tulipotoka huko hisa zilikuwa hamsini na tano kwa arobaini na tano, na randa ikaandikwa rasmi kuwa mchango wangu. Mpaka leo naamini kwamba lau karatasi zile zingepita siku ya kwanza, tungekuwa tumekwisha gombana vibaya.

Karibuni.

Mpishi wa Sinza

Ahsante, kaka, kwa kuanza na kosa lako mwenyewe, maana umenipa ujasiri wa kueleza langu.

Mimi sikujaza chochote, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilimpa kazi kijana mmoja niliyeelekezwa kwake maeneo ya Mnazi Mmoja, ambaye sasa najua kwamba watu wa aina yake huitwa vishoka, kwa shilingi laki nane, na alichotaka kwangu ni namba ya NIDA, TIN na sahihi. Cheti alikileta ndani ya wiki mbili, nami nikakitia fremu na kukitundika juu ya jokofu la vinywaji.

Nilipofuatilia leseni ya biashara kwa ajili ya huduma ya chakula kwenye sherehe na maofisi, niliombwa katiba ya kampuni, na hapo nikaifungua kwa mara ya kwanza. Kampuni yangu, kwa mujibu wa madhumuni yake, ilikuwa imeanzishwa ili kuchimba na kuuza madini, kuwa wakala wa meli, kufuga samaki na kujenga barabara. Pilau hakuna. Kijana alikuwa amenakili katiba ya mtu mwingine na kubadilisha jina la juu, tena ukurasa wa saba alisahau, likabaki la mwenyewe.

Nilipotaka kuingia kwenye mfumo ili nirekebishe, nikagundua kwamba akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kwa hiyo kila ujumbe uliohusu kampuni yangu ulikuwa ukiingia mfukoni mwake, na yeye alikuwa amekwisha kubadilisha laini. Kurudisha akaunti mikononi mwangu kulinichukua muda na safari nyingi kuliko usajili wenyewe. Baada ya hapo ndipo wakili akatuandalia azimio maalumu, ambalo linahitaji robo tatu ya kura, mimi na dada yangu tukalisaini, madhumuni yakabadilishwa na nyaraka zikawasilishwa upya. Sikatai kumlipa mtu anifanyie kazi. Ila akaunti iwe ya barua pepe yangu, na nenosiri nilijue mimi.

Wakili Mstaafu wa Upanga

Nimesaini tamko la fomu 14b mara nyingi mno katika maisha yangu, na niseme wazi kwamba wateja wengi waliniletea karatasi ile kama mtu anayeleta barua kupigwa muhuri wa posta. Tamko lile linasema kwamba masharti yote ya Sheria ya Makampuni yametimizwa, na hutolewa mbele ya kamishna wa viapo. Kusema uongo humo si kosa la uchapaji.

Kisa nitakachokieleza ni cha mteja aliyetaka mtaji wa kampuni yake uandikwe shilingi milioni mia tano. Nilimuuliza fedha hiyo iko wapi, akacheka, akasema ni ya kwenye karatasi tu, ili wateja wakiona waogope. Nikamweleza kwanza kwamba ada ya usajili hupanda pamoja na mtaji, akasema hiyo si neno. Nikamweleza la pili, ambalo hakulisikia: dhima ya mwanahisa ina ukomo, lakini ukomo huo ni thamani ya hisa alizochukua, na hisa iliyochukuliwa bila kulipiwa ni deni lake kwa kampuni. Yeye na mke wake walizichukua hisa zote siku ya kwanza, wala hawakulipa hata moja. Miaka michache baadaye kampuni ilishindwa kulipa wadai wake, ikaingia mikononi mwa mfilisi, na swali la kwanza la mfilisi lilihusu ile milioni mia tano. Bwana yule alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kama karatasi zile zinaweza kufutwa.

Utengano huu kati ya mtu na kampuni ndio unaotafutwa na kila anayesajili, na msingi wake wanafunzi wa sheria huusoma katika kesi ya Salomon, fundi wa viatu wa London, ambaye mwaka 1897 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba kampuni yake ni nafsi nyingine kabisa kisheria, ingawa hisa 20,001 kati ya 20,007 zilikuwa zake. Hata hivyo, utengano huo unaweza kuubomoa kwa kalamu yako mwenyewe. Benki ikikupa mkopo wa kampuni na ndani ya bahasha ikaweka karatasi ya dhamana binafsi ya wakurugenzi, ukasaini, deni hilo limerudi nyumbani kwako. Nimeona watu waliohangaika miezi miwili kuipata kampuni na wakasaini karatasi hiyo ndani ya dakika mbili.

Fremu ya Kariakoo

Langu ni dogo. Usajili ulikwenda vizuri, shida ikaanza nilipokwenda kuombea kampuni TIN yake, kwa sababu TIN ya kampuni si ile ya mkurugenzi. Nilitakiwa kuonyesha mkataba wa pango. Fremu ilikuwa ya laki nne kwa mwezi, nalipa miezi sita, milioni mbili na laki nne. Kwa kuwa mpangaji sasa ni kampuni, sheria inanitaka nizuie asilimia kumi, yaani 240,000, niipeleke TRA, mamlaka ya mapato, kwa niaba ya mwenye fremu, na juu yake kuna ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia moja. Mzee nilipomhesabia 2,160,000 mezani alizihesabu mara tatu, akanisogezea zote, akasema: «Mwanangu, kampuni ni yako, na kodi ya kampuni ni yako. Mimi nataka pango langu.» Nilimweleza kwamba kodi ya zuio ni yake yeye na atapewa cheti chake, akaniuliza kama fremu naitaka au siitaki. Nililipa mimi. Mkataba uliofuata tuliandika kiasi ambacho zuio limo ndani yake tangu mwanzo.

Kampuni Iliyolala

Nimesoma haya yote nikiona kwamba ninyi angalau kampuni zenu zilifanya kazi. Yangu haikuuza hata peni.

Niliisajili Februari 2016, enzi za karatasi, kwa kupanda ngazi za Jengo la Ushirika pale Mtaa wa Lumumba nikiwa na bahasha ya kaki kwapani. Biashara niliyoitarajia ilikufa kabla ya kuzaliwa, nikaajiriwa, cheti nikakifungia kabatini pamoja na vyeti vya shule. Akilini mwangu, kampuni isiyofanya biashara haidaiwi chochote. Mwaka 2022 nilipata fursa nikasema naifufua.

Kwanza, taarifa za kampuni za zamani zilitakiwa kuingizwa upya kwenye mfumo wa mtandaoni. Pili, kila mwaka kampuni hupaswa kuwasilisha taarifa ya mwaka, iwe imefanya biashara au haikufanya, kwa ada ambayo wakati huo ilikuwa 22,000, na ikichelewa adhabu ilikuwa 2,500 kwa kila mwezi. Elfu mbili na mia tano ni sahani ya wali maharage, ndivyo nilivyojisemea. Kisha nikachukua kalamu: taarifa ya 2017 ilikuwa imechelewa miezi kama sitini, ya 2018 arobaini na minane, ya 2019 thelathini na sita, ya 2020 ishirini na minne, ya 2021 kumi na miwili. Miezi mia na themanini. Adhabu peke yake ni 450,000, na ada za miaka mitano 110,000.

Hiyo ilikuwa nusu ya habari. TIN ya kampuni nilikuwa nimeichukua mwanzoni kwa shauku, na upande wa kodi nako ritani, yaani taarifa za kodi, hupaswa kupelekwa hata kama ni za sifuri, huku adhabu ya kutopeleka kwa kampuni ikiwa mara tatu ya ile ya mtu binafsi. Niliwaandikia wahusika kwa unyenyekevu nikieleza hali halisi, na ninaendelea kulipa kwa awamu. Kama kampuni yako haina kazi, iarifu ofisi husika au uombe ifutwe kwa utaratibu. Usiifungie kabatini.

Dada wa Tabata

Samahani, mimi nina swali kuliko uzoefu. Kaka yangu yuko Muscat, ndiye anayetoa fedha zote za duka la vipodozi, lakini hataki jina lake lionekane. Tumepanga hisa zote ziwe zangu na za binti yangu, na yeye abaki nyuma. Kuna ubaya?

Wakili Mstaafu wa Upanga

Mwanangu, upo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 na kanuni zilizofuata mwaka 2021, kampuni inatakiwa kumtaja mmiliki manufaa, yaani yule ambaye mwishowe ndiye mwenye mali au mwenye kauli, hata kama jina lake halimo kwenye hisa. Ukijaza kwamba mmiliki manufaa ni wewe, umetoa taarifa ya uongo. Tena fikiria upande wako: kwa karatasi mlizozipanga, siku duka likiingia kwenye mgogoro wa mirathi, kaka yako hana lake humo, na wewe utaonekana umemdhulumu.

Seremala wa Keko

Dada, mkalishane kabla ya fomu. Mimi nilikalishwa baada yake.

Dada wa Tabata

Ahsanteni. Nimeongea naye jana usiku kwa muda mrefu, amenuna kidogo, kisha akakubali jina lake liandikwe na achukue hisa arobaini. Tatizo tulilonalo sasa ni namba yake ya NIDA. Haikumbuki, na anasema picha ya kitambulisho iko kwenye simu yake ya zamani aliyoiacha kwa mama, Tanga. Mdogo wangu anapanda basi kesho alfajiri kwenda kuitafuta, na chaja yake haijulikani iko wapi.